Uwiano Kinyume: Tafuta Kwanza Kisichobadilika
Wanafunzi wengi wa Kidato cha Tatu wamekariri kwamba kimoja kikiongezeka na kingine kikapungua, basi huo ni uwiano kinyume. Kwa maoni yangu, kukariri huko ndiko kunakowapotezea alama. Maji katika ndoo inayovuja hupungua kadiri dakika zinavyoongezeka, lakini zidisha dakika kwa lita zilizobaki uone kama utapata namba ile ile kila mara. Hupati.

Chukua wachimbaji wadogo wa Geita. Watu 6 wanagawana sawa viroba 60 vya mawe ya dhahabu: kila mmoja anapata 10. Wakiwa 15, kila mmoja anapata 4. 6 × 10 = 60, na 15 × 4 = 60. Hiyo 60 ndiyo k, maana viroba haviongezeki eti kwa sababu watu wameongezeka. Ukishaiona, andika y = k/x.

Sasa swali wanalolipenda watunzi: watu 6 wanachimba duara kwa siku 20, je, watu 120? Hesabu inatoa siku 1. Mchimbaji wa Nyarugusu atakucheka, kwani duara ni shimo jembamba, watu 120 hawaenei. Jibu hilo ni sahihi pale tu kila mtu anapochimba kwa kasi ile ile bila kuzuiwa na mwenzake. Swali lisiposema hivyo, andika sharti hilo kabla ya kukokotoa.