Mto wa Sindano

Mto tunaotaka kuusema juma hili si Semliki, ndugu zetu wa Beni wasitucheke. Ni ule mdogo wa kuchomekea sindano na pini. Wako wanaoudharau kuwa ni pambo tu. Lakini katika chumba ambamo mama hushona na mtoto hutambaa, sindano iliyoanguka mkekani mara nyingi hupatwa na mguu kabla ya jicho. Tena tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza pande za Beni, jamaa wengi wamekimbilia Butembo mikono mitupu. Na kwa mama aliyeacha shamba lake nyuma, sindano ndiyo jembe.

Butembo ni mji wa baridi na unyevu, chuma hushika kutu upesi. Kwa hiyo twatazama kwanza kinachojazwa ndani. Pamba peke yake haifai, kwani hunywa maji ya hewani. Sufu ya kondoo ni bora, maana hubaki na mafuta yake kidogo. Mabaki ya nyuzi za kufumia yatafaa, ikiwa ni sufu kweli: choma uzi mmoja, sufu hunuka kama nywele zilizoungua, bali ile ya kiwandani huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Aliyekosa achukue unga wa mbao kwa seremala, auanike vema juani, auchekeche.

Kata duara mbili za kitenge, upana sentimeta 12, na mbili za amerikani za kutia ndani. Zishone ukingoni, upande wa nyuma ukiwa nje. Acha nafasi ya vidole vitatu, kisha pindua. Jaza kidogo kidogo ukisindilia kwa kalamu, hata mto uwe mgumu kama parachichi bichi. Hapa ndipo wengi huharibu: huona umejaa, hufunga upesi, na baada ya mwezi sindano zalala chali. Ziba nafasi kwa mshono wa siri.

Sasa twaa uzi mzito na sindano ndefu. Toboa katikati toka chini hata juu, zungushia uzi nje, rudi chini, kaza. Fanya mara sita. Mto utagawanyika kama boga. Shona kifungo juu na kingine chini, kufunika mafundo. Fundi wa cherehani, apendaye kuuvaa mkononi, aweke chini kartoni nene iliyovikwa kitenge badala ya kifungo, pamoja na utepe wa lastiki, sindano isimfikie mshipani.

Jioni, kabla ya kuzima taa, zihesabiwe. Zilizokuwa kumi asubuhi ziwe kumi.