TUNAVUA VIATU, LAKINI MEZA TUNAZIPIGA TEKE

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu la Chama cha Kiswahili ili nitoe maoni yangu juu ya jambo lililoleta maneno mengi hapa shuleni tangu muhula uliopita. Nalo ni kufa kwa ile kompyuta ya pembeni, iliyokuwa imebeba miradi ya ndugu zetu wa kidato cha nne. Wasomaji wapendwa, nyote mwajua kilichofuata. Ilisemwa kwamba ni virusi vya flashi zetu. Flashi zikapigwa marufuku, na sisi wa vidato vya chini sasa twaingia chumba cha kompyuta mara moja kwa wiki, tena kwa kuchungwa kama mbuzi.

Mimi nasema si virusi. Nina sababu zangu, na moja yaniuma mwenyewe. Nitaieleza mbele.

Kwanza, virusi havipigi kelele. Asubuhi ile kompyuta ilipowashwa, sisi tuliokuwa karibu tulisikia sauti ndani yake: tik, tik, tik, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Ile ni sauti ya kichwa kinachotafuta njia yake kwenye diski na kuikosa. Kikirudi mwanzo, chajaribu tena, chakosa tena.

Huenda wengine wakauliza, diski nayo ina kichwa? Inacho. Hata redio kaseti inacho. Babu yangu ana redio ya zamani ambayo hataki mtu aiguse. Kabla ya kusikiliza kanda zake za marehemu Juma Bhalo, hutia spiriti kwenye pamba akafuta kile kipande kidogo cha chuma ambacho kanda hupita mbele yake. Siku moja nikamuuliza, "Babu, kwani hicho kina nini mpaka ukioshe kila siku?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, hilo ndilo sikio la redio. Sikio likiwa na taka, hata Bhalo utamsikia kama yuko kisimani." Na kweli, kanda humwaga unga wake wa kahawia pale pale kwenye kichwa, na unga ukizidi sauti hufifia.

Diski kuu ya kompyuta ni ndugu wa kanda ile. Yote mawili huandika kwa sumaku. Tofauti ni kwamba kanda hugusana na kichwa chake, lakini diski haitakiwi kuguswa kabisa inapozunguka. Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde moja. Kule kuzunguka huvuta hewa, na hewa ile hukiinua kichwa kikaelea juu yake. Unywele wa binadamu una unene wa kama nanomita 80,000. Pengo kati ya kichwa na diski za siku hizi ni nanomita chache tu. Hata chembe ya moshi wa kibatari ni kubwa kuliko pengo hilo.

Mie huiwaza kama ngalawa ya hapa kwetu Msambweni inayopita juu ya mwamba. Maji yakiwa yamejaa, inapita bila kukwaruza. Sasa ngoja maji yapwe ghafla ingali katikati, au mtu aisukume kwa kishindo. Itakaa juu ya mwamba, na ubao utapasuka.

Waliotengeneza mitambo hii walilijua tatizo tangu mwanzo. Mwaka wa 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa RAMAC, mashine yenye sahani 50, kila moja na upana wa inchi 24, zilizobeba herufi kama milioni 5 tu. Ili vichwa visiguse sahani, hewa ilisukumwa kwa pampu. Mwaka wa 1973 wakaja na diski ya Winchester, ambayo vichwa vyake vilikuwa vyepesi, vikiruhusiwa kutua polepole kwenye sahani iliyopakwa kilainishi. Baadaye, katika kompyuta ndogo za miaka ya 1980, mtu aliyetaka kuhamisha mashine ilibidi kwanza aandike amri ya kuvipeleka vichwa mahali pa kuegesha. Aliyesahau alijuta. Siku hizi diski hujiegesha yenyewe.

Hapa ndipo nami nilipokosea mwanzoni. Nilipanga kuandika kwamba mkosaji ni stima. Nani asiyejua stima zetu? Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na nchi ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Mwaka wa 2023 pia giza liliikumba nchi mara tatu, Agosti, Novemba na Desemba. Na hayo ni yale makubwa, achilia mbali ya kwetu wakati wa masika. Lakini nilipouliza na kusoma nikajua kwamba stima zikipotea, diski haisimami papo hapo. Huendelea kuzunguka kidogo, na mzunguko ule wa mwisho huzalisha umeme wa kutosha kuvivuta vichwa hadi vikaegeshwa. Ujanja ulioje! Kwa hiyo stima kupotea kwaweza kuharibu kazi uliyokuwa hujaihifadhi, na kukirudia sana huchosha kile kifaa, lakini mara moja tu haitoshi kuua.

Kinachoua upesi ni kishindo wakati diski inazunguka. Na sasa ile sababu iniumayo. Jioni ya kabla ya mkasa mvua ilikuwa kubwa, na paa la chumba cha kompyuta likavuja juu ya meza ya pembeni. Wavulana wawili wakaibeba kompyuta ile hima hima wakaiweka meza ya pili, ikiwa bado inawaka, waya umevutwa mpaka mwisho. Wakaitua kwa kishindo. Mmoja wa wavulana hao ni mimi. Tulisifiwa siku ile kwa kuiokoa na maji.

Wiki iliyofuata, ilipothibitishwa kwamba diski haiponi, mwalimu wetu aliifungua mbele ya darasa. Sahani yake hung'aa kama kioo, lakini yetu ilikuwa na mviringo wa mkwaruzo, kama sahani ya chakula iliyosuguliwa kwa mchanga. Virusi haviwezi kuchora vile. Nilinyamaza siku ile, na marufuku ya flashi ikaendelea kwa makosa yasiyokuwa ya flashi.

Tazameni basi mila zetu. Mlangoni twavua viatu ili vumbi lisiingie. Ni vizuri, kwa sababu vumbi huziba feni na mashine hupata joto. Lakini vumbi la sakafuni haliifikii sahani kirahisi. Diski ina kitundu kidogo cha kupumulia chenye chujio lake. Halafu mtu huyo huyo aliyevua viatu hukaa akaipiga meza teke kwa mguu mtupu, au mchezo ukimkwama hukigonga kile kisanduku kwa kofi. Jioni kengele ikilia, twazima swichi ya ukutani tukakimbilie matatu za Ramisi na Lunga Lunga.

Maoni yangu ni haya. Ile marufuku iondolewe, maana imemshika asiyehusika. Pesa zilizotajwa za kushonea kompyuta vitambaa vipya zinunue betri za akiba angalau kwa mashine mbili zenye kazi za mtihani. Visanduku viwekwe chini ya ukuta usiovuja, mahali miguu haifiki, na kisihamishwe hata kimoja mpaka kizimwe kwa utaratibu na kutulia. Miradi iwe na nakala mahali pawili, moja kwenye flashi, ndiyo, flashi hizo hizo, kwa sababu flashi haina kichwa cha kukwaruza. Tena mtu wa kibanda asitufungulie diski nzima ati aipulize. Pumzi yake peke yake yatosha kuimaliza.

Mwisho, naomba pawe na daftari mlangoni, kila mtu aandike jina lake, kompyuta aliyotumia na saa aliyoizima. Jina la kwanza liwe langu, na mbele yake iandikwe tarehe ya ile jioni ya mvua. Kaka na dada wa kidato cha nne wanaochapa upya miradi yao kila Jumamosi, nimeshamwomba mwalimu ruhusa ya kuja kuwasaidia kuchapa.