Kipande cha Breki Kilicholika Upande Mmoja ni Shahidi



Twaandika habari hizi juu ya jambo dogo la kazi ya mabehewa, kwa kuwa limekwisha kuwatia wenzetu taabuni, nasi hatupendi liendelee.

Kila mmoja wetu aliyewahi kuinama chini ya behewa anavijua vile vipande vya breki vinavyobana magurudumu. Kazi yao ni kulika, ili gurudumu lenyewe lisilike upesi. Vikilika vyote sawasawa hakuna neno. Vibadilishwe, behewa liende. Lakini mara nyingi twakuta kipande kimoja kimekwisha kabisa, na mwenzake wa upande wa pili bado ni mnene kama siku alipotoka stoo. Au kipande kimelika juu kikawa kama kabari, na chini bado kinene.

Hapo amri tunayopewa ni moja: "Badilisha hicho kilichokwisha, tia sahihi, behewa litoke."

Sisi twasema amri hiyo haifai. Kipande hakiliki upande mmoja bila sababu. Pengine pini zimelika na matundu yake yamepanuka, hata vyuma vya breki vikakaa mshazari. Pengine pini imeshikwa na kutu, na breki ikifunguliwa upande ule haurudi, basi gurudumu lasagwa njia nzima. Pengine breki ya mkono haikufunguliwa yote, behewa likavutwa hivyo hivyo. Kipande kilicholika vibaya ni shahidi. Kukitupa na kuweka kipya bila kuuliza kilichotokea ni kumfukuza shahidi kabla hajasema, na kile kipya nacho kitakwisha vile vile.

Tena hasara si ya kipande tu. Gurudumu linalobanwa daima hupata moto, na moto ukizidi chuma hupasuka nyufa. Na lile ambalo breki yake haishiki halifanyi sehemu yake ya kazi. Dereva hesabu yake ni kwamba mabehewa yote yanamsaidia kuzuia mzigo. Kumbe mengine yanasindikiza tu. Wenzetu wa malori yenye trela wanalijua jambo hili: upande mmoja ukishika kuliko wa pili, trela huvutwa kando. Sisi reli hutuzuia tusiende kando, kwa hiyo ubovu wetu haujionyeshi upesi. Hujionyesha mteremkoni. Na reli yetu ina miteremko. Yatoka baharini Mombasa, na huko Timboroa yafika futi zaidi ya 9,000. Kila kilichopanda hapana budi kishuke.

Historia ya reli imetufundisha kwa machozi. Mwaka 1889, huko Armagh katika Ireland, mabehewa ya abiria yaliyofunguliwa kutoka gari lao mlimani yalirudi nyuma, na watu wapata 80 wakafa. Ndipo mwaka ule ule sheria ya Uingereza ikalazimisha breki za kujifunga zenyewe katika magari ya abiria. Na hapa kwa jirani zetu Tanzania, tarehe 24 Juni 2002, gari la abiria lilirudi nyuma mlimani huko Igandu, mkoa wa Dodoma, likagongana na gari la mizigo. Watu zaidi ya 280 walikufa. Hatusemi kwamba ajali hizo zilitokana na kipande kulika upande mmoja. Twasema hivi: breki ikikosa nguvu mlimani, hakuna fomeni awezaye kuupa mlima amri.

Sasa sikieni habari ya mwenzetu mmoja. Aliona behewa lenye vipande vilivyolika hivyo, akakataa kutia sahihi mpaka pini zitazamwe. Akaandikiwa barua ya onyo kwamba anachelewesha mizigo. Mtu mwingine akatia sahihi, behewa likatoka. Siku chache baadaye likarudi, gurudumu limegeuka rangi kwa moto. Hakuna aliyemwambia mwenzetu pole, wala ile barua haikuondolewa katika faili lake.

Wala sisi tusijisifu. Wako kati yetu wanaotazama upande wa penye taa tu, kwa sababu upande wa pili kuna giza na matope. Wako waliotia sahihi kwa behewa ambalo hawakuliinamia. Tulifundishwa tangu misheni kwamba jina la mtu ni ahadi yake. Tukidai haki, na tuiname pande zote mbili.

Basi twaomba mambo manne. Kwanza, unene wa kila kipande uandikwe, gurudumu kwa gurudumu, ili stesheni ya mbele ione kama kimoja chakimbia kuliko wenzake. Pili, kikionekana kimelika vibaya, pini na vyuma vyake vitazamwe kabla ya kuweka kipya. Tatu, pini ziwepo stoo, maana fundi hawezi kutengeneza kwa mikono mitupu. Nne, mtu anayezuia behewa kwa sababu ya breki asiandikiwe onyo. Kama alikosea, fundi mkuu aje aliiname naye amwonyeshe kosa lake.

Mambo haya si ya gharama kubwa. Behewa likisimama saa mbili, mzigo unachelewa saa mbili. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na ile barua ya mwenzetu itolewe katika faili. Hilo twalidai kwa adabu, nasi tutazidi kulidai katika kila mkutano mpaka litendeke.