Wazee wakienda Brussels, wafikishwe pia Tervuren

Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Bukavu na mke wake wamerudi kutoka Brussels, walikoitwa na watoto wao. Picha ni nyingi: Grand-Place, Atomium, lile tao kubwa la Cinquantenaire. Ni vizuri. Watu waliofundisha miaka yote ile kwa mshahara tunaoujua wana haki ya kutembea.

Lakini hakuna mtoto aliyewaambia kwamba tao lile, lililomalizika 1905, Leopold II alilisimamisha kwa pesa za Kongo. Wala kwamba maonyesho ya 1958, yaliyojengewa Atomium, yaliwaweka Wakongomani nyuma ya uzio wa mianzi ili wazungu wawatazame.

Ninyi mulioko Ubelgiji, Tervuren si mbali, tramu 44 inafika. Kando ya kanisa pale wamezikwa Wakongomani 7, kati ya 267 ambao Leopold aliwaleta kwa maonyesho ya 1897. Walikufa kule kule, mbali na kwao. Wapelekeni wazazi wenu wakasimame pale, hata nusu saa, kabla ya maduka ya chokoleti.

Na yule baba alifundisha historia!