Mbolea Ina Mahali Pake

Ukisimama Nunguni, katika milima ya Kilungu, utaona matuta yamepangwa mteremkoni ngazi kwa ngazi. Humo hulimwa mahindi na maharagwe, na udongo wake wastahili mbolea, kwa kuwa kila mavuno huondoka na sehemu ya rutuba. Sina ugomvi na mbolea hiyo. Ugomvi wangu ni na wale wasemao kwamba nyasi za asili zilizosalia kando ya mashamba ni ardhi iliyolala, na kwamba nazo zitiwe fosforasi zipate kunenepa.

Msomaji, unene si utajiri. Katika udongo maskini majani ya namna nyingi huishi pamoja, kwa sababu hakuna moja lipatalo nguvu ya kuyashinda mengine. Udongo ukishiba, machache yakuayo upesi hurefuka, huyafunika madogo na kuyanyima jua. Huko Rothamsted, Uingereza, jaribio lililoanzwa mwaka 1856 lingali likiendelea: malisho yasiyotiwa mbolea yana aina kama 40 za mimea, yaliyotiwa naitrojeni na fosforasi kwa wingi yamebakiwa na aina chache.

Tena kosa hili halifutiki upesi. Fosforasi haipeperuki, hung'ang'ania udongo. Mwaka 2018 wataalamu walitoa habari za maboma ya wafugaji wa kale huko Narok, yaliyohamwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Fosforasi ya samadi ya mifugo yao ingalimo udongoni, na nyasi za hapo hazifanani na za jirani. Utanijibu kwamba maboma hayo ni neema. Naam, boma moja katika mbuga pana huongeza namna. Mbuga nzima ikigeuzwa boma, namna hupotea.

Basi, kijana, tia mbolea shambani kwa kipimo, na uyatunze matuta, maana mvua ikiukokota udongo huikokota na fosforasi iliyomo. Lakini ukingo ule wa nyasi, ambapo nyuki hupata maua na mbuzi huchagua jani baada ya jani, uache na umaskini wake. Umaskini huo ndio uliowapa wengi nafasi. Mfuko wa mbolea hununuliwa tena. Mmea uliotoweka hauna duka.