Kimya cha ardhi kisitulaghai

Mnamo Julai 2007, jiji la Nairobi lilitikiswa kwa siku kadhaa na matetemeko yaliyochipuka karibu na mlima Gelai, kando ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Kubwa zaidi, la tarehe 17, lilikuwa na kipimo cha 5.9. Watu walitoka mbio katika majumba marefu. Sisi wakazi wa Buruburu, ambao nyumba zetu zimezidi kuongezwa vyumba na orofa tangu mtaa huu uanze kujengwa katika miaka ya 1970, tuna kila sababu ya kuuliza kilichotokea huko chini.

Kwa maoni yangu, jibu hilo linatukwepa kwa sababu ya jinsi tunavyofundisha. Msuguano ni somo la fizikia. Nyufa za ardhi ni somo la jiografia. Mwanafunzi huyaandika mambo haya katika madaftari mawili, akayakariri kwa ajili ya mitihani miwili, wala haambiwi kwamba ufa wa ardhi ni miamba miwili inayozuiwa na msuguano isiteleze. Isitoshe, husahauliwa mhusika wa tatu, nayo ni maji.

Mwalimu asiye na maabara na atazame chumvi ya jikoni. Ikiwa kavu, humiminika. Ikipata unyevu kidogo na kuachwa, hushikamana ikawa bonge. Maji huyeyusha chumvi pale chembe zinapobanana, kisha chumvi hiyo huganda upya katika nafasi zilizo wazi. Ndiyo maana wataalamu wanaochunguza nyufa hupenda kutumia chumvi ya mawe, ya jamii ile ichimbwayo katika nyanda za Danakil, Ethiopia, na kubebwa na ngamia. Mambo ambayo miamba migumu huyafanya kwa miaka mingi na katika joto kali, chumvi huyaonyesha katika muda mfupi.

Nayo hufunza mambo mawili. Chumvi iliyosagwa na kuloweshwa, ikisukumwa polepole, yaweza kuteleza kimyakimya bila kishindo. Lakini ikiachwa itulie, hujiunga na kupata nguvu upya, hata ikahitaji msukumo mkubwa zaidi ili iachane. Wahenga hawakukosea waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kuna jambo la tatu, ambalo halichagui mwamba. Maji yaliyofungiwa ndani ya ufa huzisukuma kuta zake zitengane, na msuguano hupungua. Karibu na Denver, Marekani, maji machafu ya kiwanda cha silaha za kemikali yalianza kusukumwa mwaka 1962 katika kisima chenye kina cha zaidi ya kilomita 3.6. Ardhi ikaanza kutetemeka. Kazi hiyo ilikomeshwa mwaka 1966, lakini matetemeko makubwa zaidi yalikuja mwaka 1967, kwa kuwa shinikizo lilikuwa bado linasambaa.

Huko Gelai hakuna aliyemimina maji. Mawe yaliyoyeyuka yalijipenyeza ardhini, na sehemu ya ufa ikateleza polepole bila mtikisiko mkubwa. Mnamo Septemba mwaka huo huo, volkano jirani ya Oldoinyo Lengai ililipuka kwa kishindo.

Je, haya yanatuhusu vipi? Kenya imekuwa ikizalisha umeme kwa mvuke wa ardhini huko Olkaria tangu mwaka 1981, na maji yaliyotumika hurudishwa chini kupitia visima. Sisemi kwamba kazi hiyo ni mbaya. Umeme huo huangaza nyumba zetu, na kuyarudisha maji husaidia kuhifadhi chemchemi za mvuke. Ninachosema ni kwamba taifa linaloishi kandokando ya Bonde la Ufa, na kusukuma maji ndani yake, linahitaji raia wanaoweza kuuliza: ni maji kiasi gani, kwa shinikizo gani, na nani anayepima mitetemeko?

Basi walimu wa fizikia na jiografia wakutane katika darasa moja, japo kwa kipindi kimoja. Wachukue kopo la chumvi, matone ya maji na vipande viwili vya kigae. Mwanafunzi atakayeona bonge la chumvi likikataa kuvunjika hatasema tena kwamba ardhi iliyonyamaza imelala.