Tulipompita Bila Kusimama



Wengi wenu mmetuuliza iko wapi ile nyama ya porini. Tunawajibu wote kwa pamoja: hatukufyatua hata risasi moja. Tumerudi mikono mitupu, lakini tumerudi na deni, na deni hilo ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi juma hili.

Mwanzoni mwa Julai tulitoka Tabora mjini kuelekea kusini, tukiwasindikiza waamini watatu waliokuwa na leseni ya kuwinda, kama Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inavyodai. Huko Sikonge, kilomita zipatazo 70 tu, gurudumu la kwanza lilipasuka. Kijana mziba pancha aliacha chakula chake mezani akatuhudumia. Kabla ya Ipole likapasuka la pili, na jeki ikazama mchangani. Akina mama waliotoka kisimani walitua ndoo zao, wakatukusanyia mawe ya kuliinulia gari.

Tulipokwisha kuipita Ipole na kuingia katika msitu wa miombo, tulimkuta mzee akisukuma baiskeli iliyosheheni madumu. Alitupungia mkono. Mmoja wetu akasema huenda ni jangili, au ana wenzake vichakani. Hatukumpinga. Tulimpita, tukamwacha katika vumbi letu.

Kilomita chache mbele, mpira wa rejeta ulipasuka na maji yote yakamwagika. Simu hazikushika mtandao. Mbung'o walitushambulia, na jua likaanza kuteremka. Baada ya saa moja hivi, akatokea mtu: ni yule yule mzee. Milima haikutani, binadamu hukutana.

Kumbe alikuwa mrina asali, akitoka kwenye mizinga yake ya magome. Bila kuulizwa alifungua mpira aliofungia mzigo wake, akaukata vipande, akauviringisha pale palipopasuka na kuukaza. Kisha akamimina maji yake ya kunywa kwenye rejeta, akabakiza kidogo tu. Fedha alizikataa. Kwa aibu tulimwuliza alitaka nini alipotupungia mkono. Alilishangaa swali letu. Alikuwa akitusalimu.

Ndugu zangu, sisi wenyewe, baada ya wasafiri kadhaa kuporwa, tuliwahi kuwatangazia kanisani kwamba msimsimamie mtu msiyemjua njiani. Hatusemi kwamba tangazo lile lilikuwa la uongo. Majambazi wapo, na busara si dhambi. Lakini tahadhari iliyowekwa kwa ajili ya barabara tumeigeuza kuwa kipimo cha watu. Tulimhukumu mzee kwa baiskeli yake na madumu yake, tukaiita hukumu hiyo busara.

Katika mfano wa Msamaria mwema, Injili ya Luka sura ya 10, wa kwanza kupita kando alikuwa kuhani. Kwa miaka mingi tumeuhubiri mfano huo tukijiweka daima mahali pa Msamaria, mwenye kutoa. Njiani tulikalishwa mahali pa yule aliyelala chini, ambaye hana uwezo wa kuchagua nani amwinue. Ni mahali pagumu kwa mtu aliyezoea kuombwa. Hata hivyo tunaamini kwamba asiyejua kupokea hutoa kwa kiburi.

Basi tunalirekebisha tangazo letu. Mwenye gari na abebe dumu la maji ya akiba. Apunguze mwendo anapompita mtembea kwa miguu, na arudishe salamu. Akiogopa kusimama, basi atoe taarifa katika kijiji kinachofuata kwamba ameona mtu njiani. Hayo hayamhatarishi mtu yeyote.

Mzee yule hatukumwuliza hata jina. Deni letu kwake tutalilipa kwa mwingine tutakayemkuta njiani.

Tunawatakia juma jema.